Nilivyounoa Wembe wa Tata Kama Muhoro

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kupanga na kibaraza cha kazi pale Kashai, Bukoba, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijisifu kwamba hakuna chenye makali kinachonishinda. Mkasi wangu hauazimwi. Mteja akiugusa, namtazama mpaka anauweka chini mwenyewe. Naanza na majigambo haya kwa sababu mambo yote yalianzia hapo, kwenye kujiona najua.

Baba yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Tata, anaishi Muleba, juu kule Rubya, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, pamoja na Mae, mama yetu. Tangu nipate akili namkumbuka akinyoa ndevu kila Jumamosi alasiri, kujiandaa kwa misa ya Jumapili. Anakaa barazani kwenye kigoda, kioo kimening'inizwa kwenye msumari wa nguzo, maji ya moto kwenye kikombe cha bati, na mkononi ana wembe wa kukunja, ule wa zamani unaofunguka kama kisu cha mfukoni, wenye mgongo mnene na ubapa mpana. Aliurithi kwa babu. Babu alikuwa mpishi wa mapadre kule Kashozi, na padre mmoja mzee wa Kizungu, mikono ilipoanza kumtetemeka, akawa ananyolewa na babu. Siku ya kurudi kwao alimwachia wembe. Maandishi yaliyochongwa kwenye chuma yalikuwa yamekwisha kufutika kabla sijazaliwa.

Sisi watoto hatukuruhusiwa kuugusa. Ulikaa kwenye kisanduku cha mbao juu ya kabati, jirani na rozari, na kwa muda mrefu niliamini kwamba vyote viwili vimebarikiwa.

Miaka michache iliyopita Tata alianguka kibanjani akikata ndizi. Kilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukaenda upande. Alilazwa wiki tatu, Mae akawa naye hospitalini, mimi nikafunga kazi Kashai nikapanda kwenda kulinda nyumba na ng'ombe. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu nasafisha. Nilisugua masufuria, nikafua mapazia, nikatoa utando wa buibui hata sehemu ambazo buibui wenyewe walikuwa wamezihama. Siku ya nne nikapanda juu ya kiti nikateremsha kile kisanduku.

Wembe ulikuwa umeota kutu. Yaelekea Tata aliufunga na maji Jumamosi ile ya mwisho, labda mkono ulikuwa umekwisha kuanza kumsaliti bila yeye kujua. Nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha mzee. Akirudi, atakuta wembe wake unang'aa. Nikausugua kwa majivu na waya wa kusugulia sufuria, kisha nikaupeleka kwenye jiwe.

Jiwe letu liko nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji ya mvua. Limenoa muhoro wa babu, wa Tata na wetu sote, mpaka katikati limelika na kuwa bonde. Muhoro ni kile kisu chetu chenye ncha iliyopinda, cha kupogolea migomba, na mtoto aliyekulia kibanjani hujua kuunoa kabla hajajua kusoma. Unainua mgongo, unabana makali kwenye jiwe, unasukuma kwa nguvu za bega, unamwagia maji, unasukuma tena. Ukisikia sauti imebadilika, umemaliza. Kisha unaujaribu: unachapa mara moja kwenye kikonyo cha jani la mgomba. Jani likianguka chini bila kuning'inia, muhoro uko tayari.

Basi na mimi nikafanya hivyo hivyo, tena nikiimba. Niliinua mgongo, nikasukuma kwa bega, nikasikia sauti imebadilika. Nikaenda kwenye mgomba wa kwanza nyuma ya jiko, nikauchapa wembe wa babu kwenye kikonyo cha jani.

Jani halikuanguka. Kilichoanguka ni kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha wa mtoto, na mpini wa pembe ukapasuka pale unaposhikwa na kimsumari. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, mama wa watoto, na jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kutazama kama kuna aliyeniona. Hakukuwa na mtu. Nikapekua majani makavu kutafuta kile kipande, sikukipata. Nikaufunga wembe, nikaurudisha kwenye kisanduku, nikakipandisha kisanduku jirani na rozari. Usiniulize kwa nini sikusema. Mzee yuko kitandani hawezi kushika kijiko, halafu uende umwambie kwamba umemvunjia kitu pekee alichoachiwa na baba yake?

Tata alirudi nyumbani akitembelea fimbo. Maneno yalimtoka polepole, machache, kama mtu anayehesabu mbegu. Jumamosi ya kwanza Mae alimwandalia kila kitu barazani kama zamani: kigoda, kioo, maji ya moto, kisanduku. Mimi nilisimama mlangoni na taulo. Tata alikifungua kisanduku kwa mkono wa kushoto, akautazama wembe, akaupitishia kidole gumba taratibu, akafunga kifuniko.

"Nafuga," akasema.

"Unafuga nini?" Mae akauliza.

"Ndevu."

Mae alicheka, akidhani ni mzaha wa kwanza tangu augue. Mimi nilimshukuru Mungu. Macho ya mzee hayaoni vizuri tena, nilijiambia, na kidole cha kushoto hakijui kazi. Nilidhani anaona aibu kunyoa kwa mkono usio wake, na nikaona aibu yake imenifunikia yangu. Nikarudi Kashai kwenye cherehani yangu.

Tatizo ni kwamba parokia ilikuwa imekwisha kupanga jubilei. Tata na Mae walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na pamoja na wazee wengine walitakiwa kusimama mbele ya altare kurudia ahadi zao. Mae alikuwa ameingoja siku ile kuliko alivyoingoja harusi yenyewe. Ile ya kwanza, alikuwa akisema, nilikuwa msichana, sikujua nashangilia nini. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea gauni.

Na ndevu za Tata zilikuwa zinakua. Zilikuwa nyeupe, zimesokotana, zimepanda mpaka karibu na macho. Kwa mwanamume mwingine zingekuwa heshima. Kwa Tata, ambaye maisha yake yote alikwenda kanisani na kidevu laini kama cha mtoto aliyeogeshwa, zilikuwa kama nguo ya mtu mwingine. Mae alimwita kinyozi kutoka senta, akaja kwa bodaboda na mashine yake ya betri. Tata alimsalimu vizuri, akampa mkungu wa ndizi, akamrudisha. Nyembe za dukani nazo hakuzitaka.

Nilipopanda tena, zikiwa zimebaki wiki tano, nikamkuta Mae jikoni anamenya ndizi, machozi yanadondokea kwenye beseni.

"Nimemwambia siwezi kusimama altareni na kichaka," akasema. "Ameniambia basi nisimame peke yangu, yeye atabaki nyumbani. Mwana wange, miaka hamsini, nikasimame peke yangu kama mjane?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba kimya changu kimefika mahali ambapo sikukituma. Nilijua Tata hatakubali kingine zaidi ya wembe wake, na wembe wake niliuua mimi. Asubuhi iliyofuata, Mae akiwa anakamua, niliutoa wembe kwenye kisanduku, nikaufunga kwenye kitambaa cha gauni lake, nikashuka nao Bukoba. Kisanduku nilikiacha pale pale juu ya kabati, kitupu.

Kashai kuna mzee mmoja anayenoa mikasi ya mafundi cherehani. Anakaa nje ya duka la vyombo na mawe yake matatu kwenye beseni la maji, na hana maneno mengi. Ujana wake wote alikuwa kinyozi. Nilimwekea wembe mbele yake. Aliugeuza, akauinamisha kwenye jua, akaangalia makali kwa muda mrefu.

"Nani amenoa huu?"

"Sijui, mzee. Tuliukuta hivyo."

"Huyo usiyemjua ni mtu wa kibanja," akasema. "Ameunoa kama muhoro. Ona, ameinua mgongo." Akanionyesha mikwaruzo mipana pembeni mwa makali. Kisha akauinamisha tena. "Na si mara ya kwanza. Chini ya mikwaruzo hii kuna mingine, ya zamani sana, imesuguliwa karibu kuisha. Kuna mwingine aliwahi kufanya ujinga huu huu."

Sikulitia maanani. Niliona aibu kwa ajili ya mikwaruzo yangu, ya wengine ilinihusu nini? Nikamwomba anitengenezee haraka, nikamweleza habari ya jubilei, ya kiharusi, ya Mae. Aliposikia mkono wa mwenye wembe haufanyi kazi, akanirudishia.

"Nikikunolea leo, wembe utakuwa butu kabla ya Noeli, nawe utarudi tena na mikwaruzo. Njoo saa za chakula. Nitakufundisha."

Nilikasirika. Nina nguo za watu, nina gauni la jubilei, halafu mzee ananiletea mambo ya shule. Nilimwambia sina muda. Akaendelea kunoa mkasi wa mtu kana kwamba nimekwisha kuondoka. Kesho yake saa saba mchana nilikuwa mbele yake nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Wiki ya kwanza sikuruhusiwa hata kugusa jiwe. Nilitoa kutu kwa msasa laini na mafuta, nikifuata urefu wa chuma, kidogo kidogo, mpaka kidole changu cha shahada kikakosa ngozi. Wiki ya pili ndipo tukafika kwenye pengo. Nilitegemea atalijaza kwa namna fulani. Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Pengo halijazwi, alisema, makali yote ndiyo yanayorudi nyuma mpaka yalifikie. Maana yake nisugue chuma kizima chote kwenye jiwe la kukwaruza, upande huu na upande huu, hesabu sawa, mpaka kosa langu liishe.

Na hapo alinifundisha jambo ambalo mikono yangu ilikataa kabisa kulielewa. Wembe wa namna ile unalazwa. Mgongo na makali vyote viwili vinakaa juu ya jiwe kwa pamoja, na mgongo hauinuki hata kidogo, kwa sababu unene wake ndio unaoyapa makali pembe yake. Aliyeutengeneza alikwisha kukufikiria. Tena huugandamizi, uzito wake wenyewe unatosha. Mimi, mtoto wa muhoro, kila nilipochoka bega lilishuka na mgongo ukainuka. Mzee alikuwa hata hanitazami, anasikia tu sauti.

"Mama, uko kibanjani tena," anasema.

Nilikuwa narudisha mgongo chini. Siku moja ilikuwa mara ishirini, siku nyingine mara tano. Nilipomaliza kwenye jiwe la mwisho, lile laini kama sabuni, akanipa mkanda wake wa ngozi nipitishie makali. Huko unakwenda kinyume, mgongo mbele, makali nyuma. Nikasahau, nikaanza na makali, nikaukata mkanda wake katikati. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza kama cherehani yangu inaweza kushona ngozi. Inaweza. Niliushona, na suruali zake mbili nikazipunguza urefu, na hayo ndiyo malipo pekee aliyokubali. Mpini nao tulitengeneza kwa mti wa kahawa, kutoka kwenye shina kuukuu ambalo Tata alilikata mwenyewe kabla ya kuugua. Nilikwenda kulichukua Rubya nikisema ni kuni.

Mzee yule namshukuru mpaka leo. Kuna watu wanakufanyia wema kwa kukukatalia.

Jumamosi ya kuamkia jubilei nilifika nyumbani mchana. Gauni la Mae nikalitundika, nikachemsha maji, nikatoa kigoda barazani. Tata alikuwa ameketi kwenye kiti chake anaangalia njia. Nilipoutoa wembe kwenye kitambaa, hakushangaa. Alinyoosha mkono wa kushoto nikampa. Aliupitishia kidole gumba, akaugusa mpini mpya, akaunusa.

"Kahawa," akasema.

"Ndiyo, Tata. Ile uliyoikata."

Akakaa kwenye kigoda, akainua kidevu. Mimi nikabaki nimesimama. Kwetu mtoto wa kike hamshiki baba yake usoni hivi hivi. Sijui ni mila au ni haya tu. Katika maisha yangu nilikuwa nimemgusa mkono wakati wa kumsalimu na mabega siku alipotoka hospitalini. Mae alisimama mlangoni na taulo, pale pale niliposimama mimi siku ile.

"Maji yanapoa," Tata akasema.

Kwanza nilizipunguza ndevu kwa mkasi wangu, ule usioazimwa. Nikapaka povu, nikavuta ngozi kwa kidole, nikalaza wembe. Ulipita. Ulipita bila kukwama, kwa sauti ndogo kavu, na nyuma yake likabaki shavu la Tata, lile ninalolijua, limekonda. Nikamaliza shavu la kulia, ambalo halina hisia, nikaja kwenye la kushoto, nikashindwa kuendelea. Mkono ulikuwa imara. Macho ndiyo yalikuwa yamejaa.

"Tata, wembe huu niliuharibu mimi. Ulipokuwa hospitalini. Niliunoa kwenye jiwe la nje, kama muhoro, halafu nikauchapa kwenye mgomba."

Upande mmoja wa mdomo wake, ule unaoweza, ukaanza kucheka.

"Kwenye kikonyo cha jani," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilichapa kwenye shina."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidevu niendelee na shavu, na huku nanyoa, yeye akawa anasema kidogo kidogo, akipumzika kila wembe unapofika karibu na mdomo. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameoa. Babu alikuwa amekwenda msibani kwa siku chache akauacha wembe nyumbani. Tata akataka kumfurahisha. Jiwe lile lile, bega lile lile. Babu aliporudi alifungua kisanduku, akapitisha kidole gumba, akafunga.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema anafuga."

Babu alikaa na ndevu zaidi ya miezi miwili, akitaniwa na kijiji kizima, na Tata akiwa na hakika kwamba hajagunduliwa, mpaka alipopata mtu wa kumfundisha, akautengeneza kwa siri, akaurudisha. Babu alinyoa siku hiyo hiyo. Hakuwahi kumuuliza lolote. Tata alikuja kuelewa mwenyewe, miaka mingi baadaye, babu akiwa amekwisha kuzikwa na hakuna tena wa kumshukuru.

Nilikuwa nimefika shingoni. Nilisimamisha wembe.

"Kwa hiyo ulijua. Tangu Jumamosi ile ya kwanza."

"Juzi juzi nilikisukuma kisanduku kwa fimbo," akasema. "Kilikuwa chepesi. Nikajua umempata mtu."

Mae mlangoni alikuwa amejifunika uso kwa taulo. Wiki zote zile alikuwa amemwita mkaidi, akamlilia, akamtishia kuhama chumba, na mzee alikuwa amekaa kimya ndani ya ndevu zake ili mimi nisiaibike. Nilimalizia shingo. Sijui nilimalizia vipi. Alinyoosha shingo yote, akafumba macho, akaniachia.

Nilipomfuta povu la mwisho alijipapasa mashavu kwa mkono wa kushoto, huku na huku.

"Wakola, mwana wange," akanishukuru.

Nikamwambia mimi ndiye wa kushukuru. Nililisema waziwazi, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusikia habari ya mtu aliyechelewa.

Kesho yake walisimama altareni wote wawili, Tata na fimbo yake, Mae na gauni langu. Padre alipowaambia wapeane mikono, Mae aliuacha mkono akamshika shavu, mbele ya parokia nzima, na wazee wenzao wakaguna. Siku hizi kila Jumamosi ya pili napanda Rubya kumnyoa, na wembe naunoa mwenyewe, umelala.

Alasiri ile ya kumnyoa mara ya kwanza, nikimwaga maji ya povu kwenye migomba, nilimuuliza Tata kama ndevu zilimsumbua.

Alijikuna kidevu.

"Zilikuwa zinawasha," akasema. "Wiki zote kumi na moja."